Wadudu wa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema sentensi tatu mbele ya watu na sijui nitazirudishaje mdomoni.

Nilimsindikiza Wifi kliniki kuchukua majibu. Wifi ni mke wa Kaka, yuko kwetu huu mwaka wa pili, na mimba imefika wiki ya thelathini na saba. Daktari wa pale anaongea Kiingereza tu. Wifi aliishia la saba. Kwa hiyo mkalimani ni mimi. Mimi! Niliyekuwa siwezi kuitika jina darasani bila kukohoa kwanza. Lakini mtihani nimeshamaliza, matokeo bado, niko nyumbani tu, na mtu aliye nyumbani tu hana udhuru.

Wiki iliyopita walimpima kwa kijiti cha pamba. Kinapitishwa ukeni, halafu nyuma, njia ya haja kubwa. (Hapa naandika bila shida. Karatasi haina macho.) Majibu: anao. Streptokoka wa kundi B. Daktari akasema ni bakteria wanaokaa tumboni na huko chini kwa watu wengi tu, mama mmoja kati ya wanne au watano anao. Huja, huondoka, hurudi. Si ugonjwa wa zinaa. Si uchafu. Hawaletwi na mume wala na mwanamume mwingine. Mama mwenyewe haumwi. Ila mtoto akipita pale anaweza kuwabeba, na wachache huugua vibaya — mapafu, damu, ubongo.

"Wachache wangapi?" Wifi akanibana mkono.

Bila dawa, mmoja au wawili katika mia. Kwa dawa, pungufu ya hapo sana. Dawa yenyewe ni penisilini ya dripu, siku ya kuzaa. Uchungu ukianza au maji yakitoka, chochote kitakachotangulia, aje hapo hapo. Dripu iingie angalau masaa manne kabla mtoto hajatoka, na irudiwe kila masaa manne mpaka azaliwe. Akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu. Akagonga meza mara mbili: mapema, mapema.

Wifi aliuliza kila kitu. Si mjinga hata kidogo, watu wanamwona mjinga kwa sababu anacheka kabla ya kuongea. Nikimeza vidonge sasa hivi nikawamaliza? — Hapana. Watapungua leo, siku ya kuzaa utawakuta wamerudi wamekaa sebuleni. (Sebuleni niliongeza mimi. Wifi alicheka mpaka akashika kiuno.) Nikioshwa kwa dawa? — Haisaidii. Nikipasuliwa? — Si kwa sababu hii peke yake. Na mtu mwili wake ukiikataa penisilini? — Zipo nyingine, ila aseme mapema. Wifi hana tatizo nayo. Alichomwa utotoni, akalia kama watoto wote.

Yote hayo nilimtafsiria sikioni, neno kwa neno. Kwa kunong'ona mimi ni hodari.

Nyumbani sasa. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda cha Mama: cherehani mbili, meza ya kukatia, sare za shule zimepangwa mpaka karibu na dari. Kaka alikuwa amepita kula, boksi lake la zana za friji liko miguuni. Mama hakutoa mguu kwenye pedali.

"Haya Bubu, karatasi inasemaje?"

Bubu ni mimi. Aliniita hivyo nina miaka sita, likashika.

Wifi akanitazama — sema. Nikamtazama Kaka. Niseme "uke" mbele ya Kaka! Niseme "haja kubwa" naye ana tonge mkononi! Shingo ikawaka moto. Nikasema:

"Ana bakteria. Sehemu za siri. Mtoto anaweza kuambukizwa."

Yale ya mama mmoja kati ya wanne, yale ya tumbo, yale ya si zinaa, yote yalibaki nyuma ya meno.

Cherehani ikasimama.

"Siri gani tena," Mama akasema, "na sisi wote tumeshaijua."

Wifi: "Si hivyo mama, daktari amesema wako hata tumboni, amesema..."

"Daktari amesema kwa Kiingereza. Wewe umekijua lini?"

Kaka alinawa mkono. Akachukua boksi. Chakula kilibaki nusu.

Nilikuwa na nafasi. Alipita karibu yangu kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Mama amekwenda kwa muuza dawa wa kona. Akamwambia, "mkwe wangu ana wadudu huko chini." Muuza dawa hakuuliza zaidi, naye anawapa wote dawa ile ile — kapsuli za siku saba. Kisha akauliza: mume naye vipi? Maana dawa hizi hupewa wawili.

Basi ndiyo ushahidi huo! Mama alirudi nao kama aliyeokota pete. "Mnaona? Hata yeye anajua. Hupewa wawili."

Kaka akakabidhiwa pakiti yake. "Meza, mwanangu. Kosa si lako, lakini mwili ni wako." Akameza. Alimeza akimtazama Wifi, maji yakimshuka kidevuni.

Jana Wifi alimweleza usiku kucha, nilimsikia ukutani. Kaka alijibu mara moja tu: kila aliyeshikwa husema hivyo hivyo. Leo analala chumba cha mbele juu ya robota la khaki.

Wifi amepewa beseni lake. Jekundu, ili lisichanganyike. Sabuni yake. Kikombe chake, kile kisicho na mkono. Choo, akitoka, anakimwagia dawa ya kuulia vijidudu mwenyewe, na tumbo lile, anainama kwa awamu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ana ulimi mzuri, hilo lazima niandike. Wateja wanakuja kupima sare wanakaa saa nzima kumsikiliza. Leo mama mmoja amemuuliza mbona mkwe hashoni kola siku hizi, anashona vifungo tu. Mama akajibu: "Kola inakaa shingoni mwa mtoto wa mtu, dada yangu. Vifungo haviambukizi." Wakacheka, na yule mteja alicheka bila kujua anacheka nini. Wifi naye alitabasamu! Alikuwa pale pale, amekaa kwenye stuli, sindano mdomoni.

Nataka kuungama jambo. Tangu Jumatatu Mama hajaniita Bubu hata mara moja. Hajasema uso wangu kama wa mbuzi aliyekosa basi. Hajaniuliza nitaolewa na nani, ukuta? Juzi aliniwekea kipande cha nyama cha kwangu. Aliniita "mwanangu" mbele ya wateja.

Nyumba hii ina ulimi mmoja mkali na unahitaji nyama ya kukata. Kwa miaka kumi na moja nyama ilikuwa mimi. Sasa siyo mimi.

Nimelala vizuri wiki hii. Mungu anisamehe. Nimelala vizuri kweli.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amenikuta kwenye kamba ya nguo. Ameanika nguo zake upande wa peke yake, ndiyo sheria mpya. Akanisaidia kubana shuka mpaka tukafika kona.

"Wifi yangu, si uwaeleze? Mimi nikisema naonekana najitetea. Wewe ndiye uliyesikia."

Nikasema nitasema.

"Lini?"

Kesho.

"Si lazima kwa mama. Kwa kaka yako tu. Kaka yako peke yake, mkiwa wawili." Akakung'uta foronya, pah! "Haniulizi hata mtoto anacheza au hachezi."

Mtoto alikuwa anacheza. Alichukua mkono wangu akauweka. Kisigino kabisa, kinasukuma kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Kesho, nikasema tena.

Jumatano, 12 Machi

Kesho hazikuja, zimekuja jana mbili. Leo nikaona bora niandike. Kuandika naweza.

Nikaandika barua kurasa mbili, kwa Kiswahili safi, yote — kijiti, tumbo, mmoja kati ya wanne, si zinaa, dripu, masaa manne. "Uke" niliandika mara tatu. Nikaikunja nikaiweka kwenye boksi la Kaka, juu ya ile mita yake ya kupimia gesi, asubuhi kabla hajaondoka.

Jioni amerudi, barua mkononi. Sikutegemea hilo. Nilitegemea ataisoma kazini, ataenda kwa Wifi, mambo yaishe mimi nikiwa jikoni. Lakini alisimama mlangoni, Mama yuko kwenye cherehani, na akaiinua.

"Huu mwandiko wako?"

Ndiyo.

"Amekutuma yeye uandike?"

Mama akaacha kushona. Akanigeukia polepole, na nikaona — nikaona kabisa — ile Bubu inarudi, inakuja, iko kwenye ncha ya ulimi.

"Aliniomba," nikasema.

Kweli tupu! Aliniomba, kwenye kamba ya nguo! Lakini hivyo sivyo alivyouliza, na mimi nilijua sivyo alivyouliza.

Kaka akaikunja barua mara nne, ndogo kabisa. "Basi," akasema.

Mama: "Ameshapata karani sasa."

Wifi alikuwa nyuma ya pazia. Pazia lilitikisika kidogo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Wifi amenipikia chai. Hakusema kitu kuhusu jana. Bora angenipiga.

Jumatatu, 17 Machi

Kapsuli zimekwisha siku nyingi. Mama ametangaza: "Haya, umesafika. Wadudu tumewazika." Amemruhusu kushika kola. Beseni jekundu bado lake. Kadi ya kliniki Mama ameifungia kwenye droo ya cherehani, na vifungo na chaki, ili isizagae watu wakaisoma.

Kaka amerudi kulala chumbani. Wanalala, nasikia, kama abiria wawili wasiojuana.

Daktari alisema watarudi. Vidonge vya mapema havihesabiki. Hakuna anayekumbuka ila Wifi na mimi, na Wifi akisema anaambiwa anapenda hospitali kuliko nyumba yake, labda huko ndiko alikozoea kuvuliwa.

Leo nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Wateja watatu walikuwepo, mmoja anapimwa kiuno. Nikasema, "Mama, ile dripu bado..."

Mama akashusha futi. "Ameongea! Jamani, Bubu ameongea! Shikeni ukuta. Rudia mwanangu, tusikie wote."

Wote wakanigeukia. Hata mtoto aliyekuwa anapimwa.

"Nauliza uzi mweupe uko wapi," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi. Uzi mweupe ulikuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, 20 Machi

Niko kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wazazi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Maji yalimtoka Wifi saa mbili na dakika kumi asubuhi. Najua kwa sababu niliangalia saa ya ukutani. Alikuwa anapiga pasi. Yakashuka sakafuni pwaa, maji meupe, akabaki ameshika pasi juu kama mtu aliyeambiwa asitikisike.

Mama hakusimama. Mashati kumi na moja ya shule moja yalikuwa yanachukuliwa mchana na vifungo bado. "Maji si mtoto," akasema. "Huyu binti yangu hapa maji yake yalitoka leo, nikashona mpaka kesho yake, ndipo akaamua kuja. Ukienda mapema watakulaza chini tu. Wadudu huna tena, haraka ya nini? Kaa, malizia vifungo."

Wifi akasema dripu. Alisema waziwazi: daktari alisema maji yakitoka tu niende.

"Daktari hana mashati ya kupeleka."

Kaka alikwishaondoka saa moja. Simu ya Wifi ilikuwa haina chaji. Yangu ilikuwa mfukoni.

Wifi akakunja kitambaa, akakikalia, akashona. Maumivu yakija alichomeka sindano kwenye kola, akafumba macho, akapumua, akaichomoa akaendelea. Mimi nilikaa pembeni yake nakata nyuzi. Saa tatu. Saa nne. Alinitazama mara moja, akaangalia mfuko wangu wenye simu, akarudi kwenye kifungo. Hakuomba. Ameshajifunza.

Nilijiambia shati hili likiisha napiga. Likaisha. Nikajiambia hili. Mama alikuwa na furaha, anaimba imba, alinipitishia chai na kuniita mwanangu. Saa tano. Jina la Kaka ni la kwanza kabisa kwenye simu yangu. Kidole kimoja tu.

Saa sita na nusu Wifi akaliweka shati chini, sindano ikiwa bado ndani yake. Akaenda kwenye droo, akaivuta ikatoka yote, vifungo vikamwagika chumba kizima. Akachukua kadi.

"Mimi nakwenda. Wifi, unakuja au unabaki?"

Akatoka na ndala za ndani. Mama nyuma: "Hilo la nane halijaisha!"

Nilikwenda. Hilo tu nimelifanya leo. Nilitembea nyuma yake.

Mkunga ni mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni. Alisoma kadi tukiwa bado mlangoni, uso ukabadilika. "Maji yametoka saa ngapi?" Wifi alikuwa ameinama, ameuma kanga, hawezi. Nikafungua mdomo. Mama akawa amefika na pikipiki, anahema nyuma yetu:

"Saa sita, mama. Tumekuja moja kwa moja."

Mkunga akaandika.

"Na huyu alitakiwa dripu. Mliambiwa?"

"Alishatumia dozi nzima. Wiki mbili zilizopita."

"Vidonge?" Mkunga alikuwa tayari anatafuta mshipa. "Hawa hawamalizwi kwa vidonge vya mapema. Wanarudi, mama. Nani kawaambia? Na nani kawaambia ni ugonjwa wa kuficha? Mimi mwenyewe nilikuwa nao mimba yangu ya pili."

Alisema hivyo tu, sauti ya kawaida, akibandika plasta. Sentensi moja! Wiki mbili na nusu za beseni jekundu, na ilikuwa inahitaji sentensi moja ya mtu asiye na haya.

Dripu ilianza saa saba na robo. Mtoto alitoka saa tisa kasoro dakika tano. Hata masaa mawili hayakufika.

Ni msichana. Alilia mara moja. Kisha wakamtazama kifua, wakatazamana, wakampeleka chumba cha vioo. Anahema haraka. Nimemwona: mbavu zinaingia na kutoka kama cherehani inayokimbia bila kitambaa.

Kondo la nyuma halikutoka. Wamempeleka Wifi chumba cha upasuaji, wamemlaza usingizi walitoe. Kabla hajalala alimshika mkunga akasema neno moja: asubuhi. Mkunga hakuelewa ni asubuhi ya nini mpaka baadaye.

Kaka amefika na boksi lake. Mkunga amemweleza, amesimama naye pale korido kama anavyomweleza kila baba — wanatoka tumboni, wengi wanao, si zinaa. Nilimwona Kaka akisikiliza. Alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti, sakafuni kabisa. Amesema, "Nilimfanya ameze dawa za..." Hakumaliza.

Sasa daktari wa watoto ametoka. Kijana, Kiingereza kitupu. Nimewatafsiria. Amesema hivi: kuhema huku kunaweza kuwa maji ya mapafu tu, yatakauka yenyewe. Kunaweza kuwa mwanzo wa lile lingine. Dripu haikutosha. Sasa anataka saa ya maji, kwa sababu karatasi inasema saa sita na Wifi alisema asubuhi. Kama ni saa sita, atamtazama kwanza kwa muda. Kama ni asubuhi, hangoji, anapima damu na kuanza sindano za dawa sasa hivi. Anataka jibu la uhakika kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Amekwenda kumwangalia tena mtoto, anarudi.

Kaka ameuliza, "Nani alikuwepo?"

Mama amesogea kwenye benchi mpaka bega lake limegusa langu. Anaongea bila kugeuza uso, kwa sauti yangu mimi, ya kunong'ona.

"Ukisema saa mbili, sema na wewe ulikuwa umekaa wapi. Mwambie kaka yako ulikuwa unakata nyuzi. Mwambie simu ilikuwa wapi."

Kisha ameweka mkono juu ya goti langu. Una joto. Vidole vina matundu madogo ya sindano, sijawahi kuyaona karibu hivi. "Saa sita, mwanangu," anasema. "Mtoto atapona tu. Wote wanapona. Saa sita."

Nimefikiria niseme kweli kwa Kiingereza, haraka, halafu nimwambie Mama nimesema saa sita. Lakini Mama namba anazijua. Ndicho Kiingereza pekee alicho nacho — kifua, kiuno, mikono, anapima watu kwa inchi kila siku. Eiti, yaani saa mbili yetu, ataisikia. Kaka pia ataisikia.

Mlango wa vioo umefunguka. Daktari ana kalamu na fomu. Hamtazami Mama, ananitazama mimi. Ameuliza.

Nimeinama naandika. Wanafikiri naangalia kitu humu. Wote wananisubiri nimalize, na kule ndani kifua kinakwenda mbio, na mimi naongeza neno, na neno, na